Kengeleni, Mji wa Wasio na Ukoo

Msafiri atokaye kisiwani Mombasa, akiisha kuvuka daraja la Nyali, hufika njia panda iitwayo Kengeleni. Kengele yenyewe ingali imetundikwa hapo. Zamani ilipigwa kuwaonya watu wa Frere Town, mji uliofanywa na misheni ya C.M.S. mwaka 1875 kwa watumwa waliookolewa baharini na manowari za Kiingereza.

Wengi humsifu Sir Bartle Frere, mwenye jina la mji. Mimi huwafikiri zaidi wale walioteremshwa pwani: Wayao, Wamakua, Wanyasa, wasio na mjomba wala shangazi katika nchi hii. Mtu asiye na ukoo akiugua, nani amtekee maji? Akifa, nani amkalie matanga? Kwa mwenye jamaa mambo hayo ni madogo. Kwao yalikuwa makubwa kuliko chakula. Basi ikabidi jirani wa kanisani awe ndugu.

Kizazi chao kingaliko, na kanisa la Emmanuel li karibu. Nilipopita huko niliwakuta akina mama watatu wakipeta mchele barazani kwa wafiwa. Nikauliza wana udugu gani na marehemu. Mmoja akanijibu, "Twasali pamoja," akashika tena ungo wake.