"Vidonge gani?" "Vyeupe."

Wasee, leo sina vichekesho. Mmekuwa mkiniuliza mbona nilipotea, na mbona siku hizi navaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Jibu ni vidonge.

Mkojo ulikuwa unanichoma, nikaona aibu kwenda hospitali. Nikaingia kemisti ya mtaani. Jamaa hakuniuliza kitu. Alihesabu vidonge, akavitia kwenye kibahasha cha kaki na kuandika 2x2. Jina la dawa hakuandika, na mimi sikuuliza. Mkojo ulipona, nikatupa kibahasha.

Siku ya kumi nikashikwa na homa, koo likauma, macho yakawa mekundu. Nikajiambia ni baridi tu. Kisha vidoa vya zambarau vikatokea kifuani. Havikuwasha, viliuma. Midomo ikapasuka, malengelenge yakajaa, na ngozi ikiguswa inatoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Mathe aliponiona hakusema neno, aliita teksi.

Daktari aliuliza, "Mwezi huu umemeza dawa gani?"

"Vyeupe."

"Vyeupe gani?"

Aki, sikuwa na jibu. Ilibidi ndugu yangu arudi kemisti kuuliza. Ilikuwa dawa ya salfa.

Huu ugonjwa unaitwa sindromu ya Stevens-Johnson. Hauambukizi, na si kurogwa kama jirani alivyodai. Kinga ya mwili inaichukulia dawa vibaya, halafu inashambulia ngozi yako mwenyewe. Ni nadra, lakini unaua. Mbali na salfa, unaweza kuletwa na dawa kadhaa za kifafa, alopurinoli ya gauti, na nevirapini. Mara nyingi huanza kati ya wiki ya kwanza na ya nne baada ya kuanza dawa.

Hakuna sindano moja ya kuumaliza. Dawa husimamishwa mara moja, kisha unatunzwa kama mtu aliyeungua moto: maji ya mshipani, dawa za maumivu, vidonda kufunikwa, macho kuangaliwa kila siku. Yangu bado hayapendi mwanga.

Sisemi mtupe dawa zenu. Lakini ukianza dawa, kisha upate homa na vipele vinavyouma, au vidonda mdomoni na machoni, usimeze kidonge kingine. Kimbia hospitali siku hiyo hiyo, na uibebe hiyo dawa.

Na kwa kemisti, uliza jina, kisha upige pakiti picha. Mimi sasa natembea na kadi kwenye pochi: SALFA, MARUFUKU. Sitawahi kujibu "vyeupe" tena.