Upofu Baada ya Upasuaji wa Uti wa Mgongo: Lawama Ilivyohama

Upofu unaompata mgonjwa baada ya upasuaji wa uti wa mgongo ni nadra sana, na kwa miaka mingi ulikuwa na mshtakiwa mmoja: mto wa kichwa. Mgonjwa hulazwa kifudifudi, na kichwa kikihama kidogo, jicho hukandamizwa kwa saa kadhaa bila mwenyewe kuhisi. Mwaka 1954 Robert Hollenhorst na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza wagonjwa waliopofuka jicho moja kwa namna hiyo, damu ikiwa imezuiwa kufika kwenye retina.

Maelezo hayo yalifundisha watu kuchunga macho ya aliyelala, jambo jema. Lakini pia yalifanya kila upofu uonekane uzembe wa daktari wa usingizi.

Mwaka 1999 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilianza kusajili visa hivyo, na ripoti ya mwaka 2006 ikavuruga hesabu za zamani. Kati ya visa 93 vya upasuaji wa mgongo, 10 tu vilikuwa vya ateri ya retina kuziba. Vilivyobaki 83 vilitokana na neva ya jicho kukosa damu, na wengi wa wagonjwa hao waliathirika macho yote mawili. Baadhi yao kichwa kilikuwa kimeshikiliwa kwa pini, uso haukugusa kitu. Hapo mto haukuwa na kosa. Karibu wote walikuwa wamepewa usingizi kwa saa 6 au zaidi, au walipoteza damu lita 1 au zaidi.

Utafiti wa mwaka 2012 uliongeza kwenye orodha ya vihatarishi unene, jinsia ya kiume na fremu ya Wilson, kiunzi cha kumlazia mgonjwa ambacho huacha kichwa chini ya usawa wa moyo. Dhana yenye nguvu leo ni kwamba damu hutuama kichwani, maji huvuja kwenye tishu, na neva hubanwa na uvimbe.

Kwa hiyo kichwa sasa huwekwa sawa na moyo au juu yake, na upasuaji mrefu huweza kugawanywa siku mbili. Mgonjwa aliye hatarini huelezwa mapema, na akizinduka hupimwa kuona. Nchini Marekani kiwango cha visa vya neva kukosa damu kilipungua kati ya 1998 na 2012. Tiba iliyothibitishwa ya neva iliyokwisha kuumia bado haipo.