Ni Vumbi Tu

Anayefika Nyololo wakati wa kipupwe hupokewa na rangi moja. Mabati, vibanda vya matunda, mabua shambani, hata kope za watoto, vyote vimevikwa wekundu wa udongo. Mji huu mdogo wa Wilaya ya Mufindi umekaa kando ya barabara kuu iendayo Mbeya hadi Zambia, na kutoka katika njia za udongo huja malori ya mbao, magogo na nguzo, kila moja na wingu lake nyuma. Mvua zikikatika mwezi Mei, aghalabu hazirejei hadi Novemba. Katika nusu mwaka hiyo, vumbi huwa mkazi kama mkazi mwingine, tofauti ni kwamba halilipi kodi.

Shangazi yangu ana nyumba hapo, na chumba kimoja amempangisha kijana mpakiaji wa mbao. Kijana huyo alikohoa tangu Juni hadi Agosti. Kila alipoulizwa alijibu, "Ni vumbi tu, mama." Shangazi naye aliniambia vivyo hivyo: "Mwanangu, hapa nani asiyekohoa? Ni vumbi tu." Maneno hayo matatu nimeyasikia Makambako, Mafinga na hata Dar es Salaam. Nayaogopa kuliko vumbi lenyewe.

Si kwamba vumbi halina hatia. Kabla ya katikati ya karne ya 19, Darwin alimpelekea mtaalamu wa Berlin, Ehrenberg, vifurushi vitano vya vumbi lililoanguka baharini Atlantiki, mbali na pwani ya Afrika. Ehrenberg alipoliweka chini ya hadubini alikuta aina 67 za viumbe na mabaki yao. Leo twajua kwamba upepo wa Chad hubeba mavumbi ya jangwa hadi ng'ambo ya Atlantiki, pamoja na bakteria na mbegu za ukungu. Vumbi la Nyololo halisafiri mbali hivyo, lakini nalo si udongo mtupu: lina samadi iliyokauka, ukungu wa mabua, na mengine ambayo msomaji aliye mezani asingependa nimtajie.

Pua ya binadamu huzinasa chembe kubwa. Zilizo ndogo kuliko sehemu moja ya mia ya milimita hupenya hadi kifuani, na zile ndogo zaidi hufika kwenye vifuko vya hewa. Humo njiani mna ute na vinyweleo ambavyo hufagia taka kuelekea kooni usiku na mchana. Hewa kavu na mavumbi huuchosha ufagio huo, na vijidudu vilivyokuwa vikifagiwa hupata nafasi ya kukaa. Mwenye pumu hubanwa.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo watu wengi hulichanganya. Katika ukanda ulioanzia Senegal hadi Ethiopia, homa ya uti wa mgongo hulipuka msimu wa upepo mkavu wa jangwani na kutulia mvua zinapoanza. Ungedhani mchanga ndio unaoibeba. Lakini vijidudu vyake hukaa kooni mwa watu na hupita kwa mate. Vumbi, kama wataalamu wanavyoeleza, hukwaruza koo na kuulegeza mlango. Mwaka 2010 chanjo mpya ilianza kutolewa Burkina Faso, Mali na Niger. Mavumbi yakaendelea kuvuma kama zamani, ila aina ya ugonjwa iliyolengwa na chanjo hiyo ikakaribia kutoweka.

Kifua kikuu ndivyo kilivyo. Kijidudu chake, ambacho Koch alikitangaza mwaka 1882, hakiokotwi barabarani, jua hukiua. Hutoka kifuani mwa mgonjwa anapokohoa, kikaelea kwa saa nyingi katika chumba kilichofungwa. Na Nyololo ya Julai ni mji wa vyumba vilivyofungwa. Shangazi huziba nyufa za dirisha kwa matambara ili kuzuia vumbi na baridi, kisha huingiza jiko la mkaa. Hivyo hulifungia nje vumbi, na kuzifungia ndani pumzi za watu saba pamoja na hewa ya sumu ya mkaa.

Vumbi la mawe lina kesi yake peke yake. Wazee wa Nyanda za Juu Kusini wanawakumbuka vijana waliochukuliwa na Wenela kabla ya Uhuru kwenda migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Vumbi la miamba hutia makovu mapafuni, na mapafu yenye makovu hushikwa upesi na kifua kikuu.

Nchi yetu ina sababu ndogo sana ya kusema "ni vumbi tu." Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na kazi iliyofanyika humo pamoja na Dakta Karel Styblo ikawa mfano ulioigwa na dunia. Kikohozi cha wiki mbili chatosha kumpeleka mtu akapimwe makohozi, na matibabu ni bure.

Mpangaji alikubali kwenda mwezi Agosti, baada ya shangazi kutishia kumwandikia mama yake. Alikutwa na kifua kikuu, naye ameanza dawa za miezi sita. Ubishi wa dirisha ulichukua siku tatu. Hatimaye lilifunguliwa la upande wa bustani, usiotazama barabara, na jiko likahamia barazani. Wajukuu wawili walio chini ya miaka mitano walipimwa, wakapewa dawa za kinga. Mkubwa huzimeza kwa uji. Mdogo huzitema, na kila asubuhi shangazi humkimbiza kuzunguka nyumba, kijiko mkononi.