Mapafu ya Barabara ya Pugu

Reli ya Kusini ilifungwa 1962, na muda si mrefu vyuma vyake vikaanza kung'olewa. Ndiyo reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ule ulioanza 1947, ukafa 1951. Wakati huo Ruangwa haijawa wilaya. Sisi watu wa Matambarale tulihesabiwa Nachingwea, na kijana aliyetaka kazi ya mshahara alitazama upande wa Nachingwea. Reli ilipokufa tukabaki tunatazamana. Nikapanda lori la mihogo mpaka Lindi, na kutoka Lindi nikapanda meli, maana Rufiji ikifurika barabara ilikuwa haipitiki. Daraja lenyewe tumelipata 2003.

Dar es Salaam mjomba wangu, kuli wa bandarini, alinipeleka kwa fundi mmoja Mhindi, Barabara ya Pugu, ile inayoitwa leo Barabara ya Nyerere. Hakuniuliza cheti. Aliniuliza kama navuta sigara. Nikamwambia sivuti.

"Vizuri," akasema. "Mapafu yako nayataka mimi."

Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza mataa ya neoni, yale maandishi ya moto mwekundu na wa buluu yaliyokuwa juu ya maduka na mahoteli. Gesi hiyo waligundua Ramsay na Travers huko London mwaka 1898. Mfaransa Georges Claude akaitia kwenye mabomba ya kioo na kuwaonyesha watu wa Paris 1910. Hayo niliyajua baadaye sana. Nilichofundishwa kwanza ni kwamba kioo cha moto na kioo cha baridi ukivitazama ni kimoja. Chuma kikipata moto huwa chekundu na kukuonya. Kioo kilichotoka motoni dakika mbili zilizopita kimelala mezani kimetulia, kinang'aa, kinakungoja. Kwa hiyo hakuna aliyeokota kitu mezani kabla ya kupitisha mgongo wa mkono juu yake, bila kukigusa. Mpaka leo nikiingia jikoni mkono wangu hupita kwanza juu ya sufuria, wajukuu wananicheka.

Tazama herufi moja inavyokunjwa. Bomba lina urefu unaozidi mita moja. Upande mmoja umezibwa kwa kizibo, upande mwingine umeungwa mpira mwembamba unaoishia mdomoni mwa fundi. Analishika kwa mikono miwili juu ya safu ya ndimi za gesi, analizungusha pole pole, bila kusimama, mikono yote miwili kwa mwendo mmoja. Mkono mmoja ukitangulia, bomba linajisokota. Kioo kikilegea anakitoa motoni, na hapo ana nafasi ya pumzi chache tu. Analilaza juu ya mchoro, anakunja, na papo hapo anapuliza kwenye mpira ili kona isibonyee. Akipuliza sana, kona inavimba na kuwa nyembamba, itapasuka siku ya mvua. Akipuliza kidogo, njia ya umeme inajibana. Kuvuta pumzi kupitia mpira ule ilikuwa marufuku. Na yote haya yalifanywa kinyume, maana mchoro ulichorwa kama unavyoonekana kwenye kioo cha kujitazamia. Nilijifunza kusoma Kiswahili kwa nyuma kabla sijajua kukisoma vizuri kwa mbele.

Baada ya kukunja, bomba lilipelekwa kwenye kizimba cha waya. Humo ndimo hewa ilimonyonywa kwa pampu na umeme wa volti kama 20,000 ukapitishwa ndani yake, ili kioo kipate joto kali na uchafu wote utoke. Tulibandika kipande cha karatasi juu ya bomba. Karatasi ikigeuka rangi ya kahawia, joto limetosha. Huo haukuwa umeme wa kutania. Transfoma ya tangazo lililokwisha kufungwa dukani hutoa volti hadi 15,000, lakini nguvu yake ni ndogo. Itakurusha, na kama uko juu ya ngazi kitakachokuua ni ile sakafu. Umeme wa kizimbani haukurushi. Kwa hiyo mlango wa kizimba ndio uliokuwa swichi: ukifunguliwa, umeme unakatika. Juu ya hayo Masta, ndivyo tulivyomwita yule Mhindi, alitaka kila mtu aliye karibu apige kelele kwamba yuko wapi, na anayewasha aweke mkono wake mmoja mfukoni. Tuliona ni ushirikina wa Bombay. Kumbe ni hesabu: umeme ukiingia mkono mmoja na kutokea wa pili, njia yake inapita moyoni.

Taa nyekundu ilihitaji neoni peke yake. Ya buluu ilihitaji gesi ya agoni na tone la zebaki, na siku ya zebaki Masta alibadilika. Kabla ya kufungua chupa alivua pete yake ya ndoa na kuifungia kwenye droo. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia zebaki hula dhahabu: ikiigusa tu, inaingia ndani yake, pete inageuka nyeupe na kuwa dhaifu. Siku moja msaidizi mmoja aliangusha chupa, matone yakatawanyika chini ya meza, naye akachukua ufagio. Sikuwahi kumwona Masta amekasirika namna ile. Ufagio huvunja tone moja kuwa mia, na kila tone linatoa mvuke usioonekana wala kunuka. Madirisha yote yakafunguliwa, majiko yakazimwa, matone yakakusanywa kwa kipande cha karatasi ngumu, na nyufa za sakafu zikamwagiwa unga wa kibiriti upele, ambao huishika zebaki na kuipunguzia ukali. Jioni ufagio ukafukiwa.

Nashangaa mtu aliyezika ufagio alivyotuacha tuchezee asbesto. Mchoro wa herufi ulikuwa juu ya karatasi nene ya asbesto, kwa kuwa haiungui. Tuliikata kwa mkasi, tukaikung'uta, nyuzi zake zikielea kwenye mwanga wa dirisha. Mchana tulilia ugali juu yake. Yeye mwenyewe alikula nasi, kwa hiyo sidhani alikuwa anatuficha. Alifundishwa kuogopa kinachochoma na kinachopiga, na zebaki aliijua kwa sababu ya pete. Nyuzi za asbesto zikiingia kwenye mapafu hukaa humo miaka 20, 30, hata 40, kabla ya saratani kujitokeza. Mimi bado napumua. Siwezi kuwasemea wenzangu wote.

Nilipenda zaidi kupanda juu kufunga taa. Mji wa miaka ile ulikuwa mji wa sinema, Empress, Avalon, Odeon, New Chox, na kila mwenye duka alitaka jina lake liwake kama la sinema. Adui yetu huko juu alikuwa hewa ya bahari: chumvi inaganda kwenye viungo, unyevu unafuata, usiku unaona cheche zinatambaa ukutani. Tulifunga taa kadhaa kwenye Independence Avenue, ambayo sasa imepewa jina la Samora wa Msumbiji; na Samora huyo wapiganaji wake walifunzwa kwetu Nachingwea. Kwa hiyo mtaa huo nauhesabu kuwa wetu mara mbili.

Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo, wenye maduka wengi wakaondoka, na jina la mtu aliyeondoka halihitaji taa. Gesi ilitoka nje kwa fedha za kigeni, nazo zikaadimika. Baada ya vita vya Kagera karakana ilikuwa inatengeneza redio. Mimi nikarudi kulima.

Sikutegemea kuikuta zebaki ikinisubiri nyumbani. Wachimbaji wadogo wa Namungo, hapa wilayani Ruangwa, na wa Kilimarondo upande wa Nachingwea, wanafanya kwa makusudi kile Masta alichokikwepa kwa kuvua pete: wanaiacha zebaki ile dhahabu, kisha wanachoma lile donge kwenye kikaango wazi mpaka zebaki yote iruke ibaki dhahabu. Inaruka kwenda wapi, hilo halionekani. Mkataba wa Minamata wa 2013, ambao Tanzania iliuridhia 2020, unataka uchomaji wa wazi ukomeshwe, na kuna chombo cha chuma chenye kifuniko na mrija kinachonasa mvuke ule na kuurudisha kuwa zebaki ya kutumia tena. Nilimwendea kijana mmoja aliyekuwa anachoma, nikamweleza habari za ufagio na za kibiriti upele.

"Babu, shikamoo," akasema, bila kuacha kupuliza moto. "Chombo hicho tumekisikia. Kinachukua muda, na mnunuzi hangoji."

Nikamwambia basi asimame upande unakotoka upepo. Na jiko la mama ntilie, lililokuwa hatua chache upande wa pili, lihamishwe. La upepo alilicheka. Jiko waliliinua yeye na mwenzake, wakalipeleka nyuma ya mkorosho, na mama ntilie akawadai hela ya mchuzi uliomwagika.