Mbwembwe za ekzosi zilivyoniumbua Isaka

Isaka, msomaji wangu, usipite na gari lenye njaa. Nilitoka Shinyanga mjini kwenda Kahama na Corolla ya zamani ya kaka, ya kabureta. Bila kumwambia, nilikuwa nimeitoa sailensa ili ingurume kama ya mashindano!

Baada ya Tinde mambo yakaanza: nguvu hakuna, nikiachia mafuta, pa! pa! nyuma. Isaka ikazima, jirani na bandari kavu, malori ya Rwanda na Burundi yakinitazama.

Fundi mmoja wa malori akafungua plagi. Nyeupe kama chokaa.

“Dogo, ikiwa nyeusi mafuta yamezidi. Hii hewa imezidi.”

Akakagua mipira, haivuji. Akawasha, akavuta choki kidogo, injini ikatulia.

“Umeona? Moshi unatoka upesi, hewa inaingia nyingi, lakini jeti ni ile ile. Ungekomaa hivyo, ungetoboa pistoni.”

Dawa ni mbili: jeti kubwa au sailensa irudi. Mfuko ukachagua sailensa, ilikuwa kwenye buti.

Kahama niliingia kimyakimya. Kaka, ukisoma hapa, nisamehe!