Tulipojifunza Kuhesabu Miezi Upya

Nasi pia tuliiogopa kompyuta. Tulidhani ni kazi ya watoto wetu.

Katika kikundi chetu cha akina mama kanisani tumo wauguzi wawili. Kila mwezi tunawakumbusha wazazi tarehe za chanjo. Hapa Tanzania mtoto hurudi kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9 na 18, na wengi huzichanganya. Tukaamua kutengeneza ukurasa mdogo wa kompyuta: mama anaandika siku ya kuzaliwa ya mtoto, anabonyeza kitufe, tarehe zote zinatokea.

Kijana mmoja wa kwaya alituanzishia kwa jQuery, maktaba iliyotolewa mwaka 2006 na John Resig wa Marekani. Maktaba hii si chumba cha vitabu. Ni kazi ndogondogo za lugha ya JavaScript, zilizokwisha kuandikwa na kuwekwa katika faili moja, kama vifaa vilivyochemshwa tayari kwenye trei ya kufungia vidonda. Faili hilo tuliliweka pamoja na ukurasa wetu, ili ufanye kazi hata pasipo intaneti. Alama ya dola huchagua sehemu ya ukurasa. Neno linalofuata huiagiza ijifiche, ionekane au ingoje kubonyezwa. Kwa mistari michache tu kitufe kiliitika. Tulipiga vigelegele!

Lakini muuguzi hatoi dawa bila kuihakiki. Tulichukua kadi ya mjukuu wa mwenzetu, aliyezaliwa 5 Machi. Kadi ilisema wiki 6 zinatimia 16 Aprili. Ukurasa ukasema 17 Mei. Mioyo ilitudunda. Tungeugawa Jumapili ile, watoto wangecheleweshwa chanjo mwezi mzima, na kosa lingekuwa letu.

"Mama zangu," kijana akasema, "JavaScript huhesabu miezi kuanzia sifuri. Januari ni 0, Machi ni 2."

Kumbe maktaba haikukosea. Sisi ndio tulioandika 3. Tukapunguza moja, tukajaribu kadi kumi. Zote zikalingana.

Mama mwenzetu, ukitaka kuanza, anza na kitufe kimoja. Kabla ya kumpa mtu, kipime kwa jambo unalolijua kwa hakika. Na kadi ya kliniki usiitupe.