Nilionja bia nne Brussels, nikaikumbuka kata ya babu

Kata ya kwanza ya mbege nilipewa na babu nikiwa na miaka mitano, siku ya Krismasi, nyumbani Marangu. Hakuna aliyeshtuka. Mama ndiye aliyeipika, na pombe hiyohiyo ndiyo iliyonilipia ada hadi chuo kikuu. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, usitarajie nikuambie hapa kwamba wapika pombe ni watu wabaya.

Kata hiyo niliikumbuka nikiwa Brussels, Ubelgiji, nilikokwenda kwa mafunzo ya wanahabari wa afya. Jumamosi hatukuwa na ratiba, na mwenyeji wetu, mama wa miaka sitini na kitu, akajitolea kututembeza. Wenzetu wale bia yao ni urithi. UNESCO iliuandikisha utamaduni huo mwaka 2016.

Alitugawia karatasi za kutoa alama, za mfumo wanaoutumia waamuzi wa mashindano ya bia Marekani. Jumla ni 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, uzito wake mdomoni 5, na maoni ya jumla 10. Rangi na povu tunavyovitazama sana kwenye matangazo vinaambulia alama 3 tu. Sharti lake lilikuwa moja: funda mbili tatu kwa kila bia, kisha maji na kipande cha mkate.

Tulianzia Cantillon, kiwanda cha familia kilichoanza mwaka 1900 katika eneo la Anderlecht. Nilitarajia mitambo inayong'aa, nikakuta mapipa ya mbao, vumbi na utando wa buibui ambao hakuna anayeuondoa, kwa sababu buibui wanakula wadudu. Juu kabisa, chini ya paa, kuna sinia kubwa la shaba. Maji ya nafaka yaliyochemshwa humwagwa humo yakiwa ya moto na kuachwa usiku kucha, na chachu inayoelea hewani huingia yenyewe. Hawatii hamira. Ndiyo maana wanapika miezi ya baridi tu. Joto likizidi, vijidudu vibaya navyo huingia. Baada ya hapo bia inakaa kwenye mapipa hata miaka mitatu.

Tulionja gueuze, mchanganyiko wa bia ya mwaka mmoja, ya miaka miwili na ya mitatu. Wenzangu walikunja uso kwa uchachu. Mimi nilitabasamu, maana ulinipeleka moja kwa moja kwenye mbege iliyolala siku kadhaa. Niliipa 41. Ile ya matunda ya cheri, kriek, niliipa 36. Rangi yake inapendeza kuliko ladha.

Jioni tulikwenda katikati ya mji, kwenye baa ya Delirium, ambayo mwaka 2004 iliingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kwa kuwa na aina 2,004 za bia. Bia yao maarufu inaitwa Delirium Tremens na nembo yake ni tembo wa rangi ya waridi. (Kwa Kiswahili tembo ni mnyama na ni pombe pia, sikuweza kuacha kucheka.) Lakini jina lenyewe ni la ugonjwa. Mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu akiacha ghafla, anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo, na asipotibiwa anaweza kufa. Ladha ni nzuri, niliipa 39. Jina sikulipa kitu.

Ya mwisho ilikuwa Rochefort 10, inayopikwa na watawa, nyeusi, yenye harufu ya tende na kahawa. Alama 44, ya juu kuliko zote. Kisha nikageuza chupa: kilevi asilimia 11.3. Nikatoa simu nikapiga hesabu. Kichupa kile cha mililita 330 kina takriban gramu 29 za kilevi. Chupa yetu ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi. Mtu anayesema "nimekunywa kamoja tu" amekunywa moja na nusu.

Hapo ndipo mwenyeji wetu alipotusimulia kwamba alipokuwa mdogo, chakula cha mchana shuleni kililetwa na bia nyepesi ya mezani. Wakubwa waliiona ni afya kwa watoto. Alisimulia bila aibu, kama mimi ninavyoisimulia kata ya babu.

Sikulala vizuri. Binti yangu ana miaka minne, na Krismasi ilikuwa inakaribia. Mwili wa mtoto ni mdogo, ubongo wake bado unakua, na kilevi kinaweza kumshusha sukari ya damu hadi akapoteza fahamu. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya, hata kwetu watu wazima. Mbaya zaidi, kata haina maandishi ubavuni. Mbege ya leo na ya keshokutwa hazilingani, na hata mama aliyeipika hawezi kukutajia asilimia.

Nilimpigia mama kabla ya kupanda basi kwenda Marangu. Nilidhani atasema nimesoma hadi nimejisahau. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Babu yako alikupa, wewe ukatapika usiku. Hukumbuki?"

Sikukumbuka.

Siku ya sikukuu wazee walipokaa kwenye mduara, mama alikuja na kata mbili. Kubwa ilikuwa ya wazee. Ndogo ilikuwa na uji wa ulezi alioutenga kabla ya kuuchanganya na maji ya ndizi, na hiyo alimpa mjukuu wake mbele ya wote, kwa mikono miwili. Mjomba mmoja alinung'unika kuhusu watoto wa mjini. Mimi nilitoa karatasi ya alama iliyobaki kwenye mkoba, nikaonja mbege ya mama na kuijaza.

"Nimepata ngapi?" akauliza.

"Arobaini na tatu."

"Na hao watawa wako?"

Nikamdanganya.